Bakuli la Sofeye

Pale kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Hezhou, ukiuliza nyumba ya Sofeye huenda mtu akajikuna kichwa kwanza. Uliza nyumba ya Mikono Maji, utapelekwa mpaka mlangoni. Jina hilo alibandikwa akiwa na miaka kumi na tisa, siku ya tatu ya ndoa yake, na katika habari hii ana arobaini na mitano. Jina la mdomo wa watu halifuliwi likatoka. Mume wake Yisuo, Mungu amrehemu, alishazikwa. Nyumba ilishabomolewa ikajengwa upya. Jina likawa palepale.

Asiyemjua angeshangaa, maana mikono hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inalisha nusu ya soko. Kila asubuhi aliweka meza yake mbele ya lango la ghala la nafaka, ushungi wake mweusi umefungwa vizuri, akauza nyangpi. Ni utandu wa wanga uliopikwa kwa mvuke, unakatwa vipande virefu, unamwagiwa siki, kitunguu saumu na pilipili ya mafuta, kisha juu yake zinawekwa kano za unga, zile zenye matundumatundu zinazonyonya mchuzi wote. Madereva wa malori walikula wamesimama.

"Mama Dawude, niongezee kano," walimwambia. "Huo utandu baki nao."

"Kano zikiisha nikukatie za mguuni mwako?" aliwajibu, nao wakacheka, akawaongezea.

Lakini nyumbani kwake mwenyewe mwanamke huyu hakuwa na ruhusa ya kukanda hata donge la mkate mmoja. Na hilo ndilo la kusimulia.

Kwetu bi harusi hupimwa siku ya tatu. Wageni huja, wifi, mashangazi, majirani, wote wanawake wenye macho makali, na bi harusi hukunja mikono ya nguo yake akakanda mbele yao, akasukuma mpaka unga uwe mwembamba wa karatasi, akaukunja, akakata tambi kwa kisu kirefu. Unga lazima utoke shamba la mume. Si wa dukani, si wa kuazima, kwa kuwa anatakiwa aonyeshe ataishi vipi na shamba lililomwoa. Tambi zikitoka ndefu bila kukatika, mambo yamekwisha, huyo ni mke. Bakuli la kwanza haligusi mdomo wa mtu pale. Hufungwa kitambaa chekundu likapelekwa kwa mama wa bi harusi kabla ya alasiri, naye hukaa mlangoni kwake kulingoja. Akishakula haoshi bakuli. Huweka ndani yake soli za kitambaa alizotarizi mwenyewe, za binti kuvaa ndani ya viatu, akanyage nazo nyumba ya watu.

Tambi zikiharibika, bakuli halipelekwi, na hakuna atakayetumwa kumweleza mama wa watu. Hukaa hapo mlangoni mpaka jua lizame, ajue mwenyewe.

Mwaka alioolewa Sofeye, mvua ilinyesha siku tisa mfululizo wakati wa mavuno. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya mashamba kugawiwa kila nyumba na lake, na watu walikuwa na fahari ya kula ngano yao wenyewe hata kama ingekuwa na majani. Mama mkwe wake, Hedije, alikuwa mwanamke wa funguo. Ufunguo wa ghala la nyumbani ulining'inia kiunoni kwake usiku na mchana. Yeye ndiye aliyepima unga wa bi harusi, akautia ndani ya beseni, akaufunika.

Sofeye alikuwa amekanda unga kwao tangu akiwa na miaka saba, amesimama juu ya kigoda kwa sababu meza ilimpita kimo. Alitia chumvi, akatia maji kidogokidogo, akakanda kwa kiganja chote kama alivyofundishwa. Donge likaja vizuri. Akalifunika kwa kitambaa kibichi lipumzike. Alipolifunua alidhani macho yanamdanganya. Donge lilikuwa limelegea, limetandaa chini ya beseni, linanata. Akaongeza unga. Likanata kwenye meza, likanata kwenye mti wa kusukumia, likanata kwenye vidole. Alichokata kikatumbukia majini kikiwa tambi, kikatoka uji. Wanawake arobaini wamekaa, na yeye anagawa uji.

Hedije alitia kijiko kimoja kinywani. Akakaa nacho kidogo, akameza, akaweka bakuli chini.

"Mikono maji," alisema.

Maneno mawili tu, naye hakuwahi kuyarudia. Hakuwa na haja. Wifi yake Sofeye, Mairemu, dada mkubwa wa Yisuo, aliyachukua akayafanyia kazi maisha yake yote. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," alisema siku ileile kwa sauti ya kusikika hadi uani, na wengine wakashika midomo wakicheka.

Siku hiyo mama yake Sofeye, kijiji cha pili, alikaa juu ya jiwe la mlangoni tangu asubuhi. Jirani yao ndiye aliyekuja kusimulia baadaye. Alisema jua lilizama, mama akaambiwa aingie ndani, akasema labda njia ina matope. Binti alipoenda kumwona baada ya mwezi, mama hakuuliza chochote. Binti naye hakueleza. Angeeleza nini? Majira mawili ya baridi yakapita, mama akafariki kwa kifua, na neno hilo halijasemwa kati yao.

Hapo ndipo palipomuuma Sofeye. Kudharauliwa yeye alikuzoea kama mtu anavyozoea kiatu kibaya. Lakini mama yake alizikwa akiamini amelea mtoto asiyejua kukanda unga, na hilo hakulizoea hata siku moja.

Alipigwa marufuku kugusa unga wa nyumba ile. Alilisha kondoo, alichota maji, alichochea moto wa chini ya kitanda cha udongo, kile kinachopashwa joto wakati wa baridi. Alipoomba ajifunze kuuza nyangpi, Hedije alifikiri kidogo, akasema, "Kuosha unga si kukanda. Ni kuharibu. Haya, kaharibu."

Basi akaharibu, na Mungu akamwekea baraka humohumo. Unakanda donge kubwa, unalipumzisha, unalitia ndani ya maji baridi, unalibinya na kulikunja humo majini. Maji yanageuka meupe kama tui. Unayamwaga kwenye pipa, unatia mengine, unabinya tena. Mara ya tano, ya sita, maji yanaanza kutoka safi, na donge lililokuwa kubwa kama kichwa cha kondoo limebaki kama ngumi mbili. Sasa halipotei tena hata ulibinye vipi. Ni la rangi ya kijivu inayoelekea manjano, ukilivuta linakuja, ukiliachia linarudi. Hilo ndilo kano. Yale maji meupe ukiyaacha yatulie, chini kunabaki wanga, ndio wa kupikia utandu. Baada ya miaka michache Sofeye alikuwa akibinya donge mara tatu tu anakwambia ngano hii ililimwa mlimani au bondeni, ilipata maji au ilikaushwa na jua.

Palikuwa na mpimaji wa nafaka kwenye lile ghala, Bi Tie, mwanamke mfupi mwenye miwani, mlaji wa nyangpi kila mchana. Kazi yake ilikuwa ileile ya Sofeye, ila yeye aliosha kidonge kidogo kama yai la njiwa, chini ya maji ya chumvi yanayodondoka, kisha akakiweka kwenye mizani. Walitaniana sana kwa ajili hiyo.

"Wewe unaosha kwa mshahara, mimi naosha kwa njaa," Sofeye alimwambia.

"Na wewe una kano nyingi kuliko serikali," Bi Tie akajibu.

Siku moja lori zima la ngano lilikataliwa langoni. Dereva aling'aka, Bi Tie akaja mezani na kiganja cha unga ndani ya karatasi.

"Dada, hebu osha huu uniambie."

Sofeye aliufanya donge, akaungoja, akauosha. Maji yakawa meupe. Akabinya tena. Alipofungua mkono hapakuwa na kitu ila vipande vilivyolegea kama mkate uliolowa, navyo vikamponyoka vidoleni vikaenda na maji.

"Umekwenda wote," alisema. Akalamba kidole. "Na ni mtamu."

"Imechipua," Bi Tie alisema. "Imenyeshewa ikiwa kwenye masuke. Sasa sikia. Ndani ya unga kuna protini za aina mbili zinazotengeneza hiyo kano yako. Moja ni laini, inanata, inatiririka kama asali. Hiyo ndiyo inayokubali kuvutwa. Nyingine ni ndefu, imejikunjakunja, ngumu. Hiyo ndiyo inayorudi. Unga ukiwa mkavu kila moja imelala kivyake. Ukitia maji na kukanda zinashikana mikono, zinakuwa wavu. Chumvi inaukaza wavu, magadi yanaukaza zaidi. Ukiupumzisha unajipanga. Sasa mbegu ikilowa shambani inadhani imepandwa. Inaanza kujila ili imlishe mtoto wake. Wanga inaugeuza sukari, na zile ndefu inazikata vipandevipande. Mbegu haina kosa, dada. Inafanya kazi yake."

"Na mkandaji?" Sofeye aliuliza.

"Mkandaji gani?"

"Aliyepewa huo unga akande."

"Aa, huyo hata angekuwa malaika! Mkono hauwezi kuunga kilichokatwa ndani. Tena akiupumzisha ndio unazidi kuharibika."

Loo, Sofeye alishika ukingo wa meza. Alikumbuka ule uji wa siku ya tatu, alivyoulamba kwenye vidole akiwa peke yake jikoni analia, na utamu wake. Siku hiyo hakuuza tena. Alikwenda nyuma ya ukuta wa ghala akalia kwa hasira, akapiga ukuta kwa kiganja, akisema, "Mama, haikuwa mikono yangu. Mama, haikuwa mimi." Lakini alikuwa akimwambia nani? Mama yuko chini ya ardhi mwaka wa kumi na mbili. Na angekwenda nyumbani akaseme nini, beseni lilishaoshwa zamani, na ngano yenyewe ilishaliwa na kuku? Mairemu angesema mchezaji mbovu husingizia uwanja. Akanyamaza. Akanyamaza miaka kumi na miwili mingine.

Kisha Dawude, mwanawe wa pekee, akaoa.

Bi harusi aliitwa Rukeye, binti mwembamba wa ushungi wa kijani, msemaji wa harakaharaka akiogopa na mwenye aibu akitulia. Na mwaka huo, kama kwamba mbingu zina kumbukumbu, mvua ilishuka wakati wa mavuno ikakaa wiki nzima. Dawude na mama yake walipura walichoweza. Hedije sasa alikuwa na miaka sabini na minane, macho yote mawili yameingia ukungu, miguu haimtii, ila ufunguo ulikuwa bado kiunoni. Siku ya pili ya harusi aliongozwa mpaka ghalani, akapapasa magunia, akachagua moja, akapima unga kwa mkono wake, akautia ndani ya beseni, akaufunika kwa kitambaa chekundu.

"Ngano ya shambani kwetu," alisema. "Asije mtu akaniletea hapa unga wa dukani."

Adhuhuri watu walipokwenda kusali, Sofeye alichota kiganja kimoja cha unga ule. Akaufanya donge, akalifunika, akangoja, akaenda nalo bombani. Maji yakawa meupe. Akabinya, akabinya. Kisha akafungua mkono.

Hapakuwa na kitu.

Alikaa chini palepale, mikono inadondoka maji. Na sasa nisimfiche, maana yeye mwenyewe hakujificha alipolisimulia: jambo la kwanza lililomjia halikuwa huruma. Alifikiri, kesho yule binti atakanda, na donge litalegea. Atagawa uji. Nao watacheka, na Mairemu atafungua mdomo. Hapo ndipo nitakaposimama na donge la pili mkononi, niwaoshee mbele ya macho yao, wote arobaini waone halina kano. Wataelewa. Watasema, kumbe na ile ya Sofeye ilikuwa hivi. Ushahidi mwingine hautapatikana. Ngano iliyochipua, beseni lilelile, mama mkwe yuleyule, na wageni wengi wao walewale. Miaka ishirini na sita amengoja kitu hiki bila kujua anakingoja. Akikinyamazia leo, atazikwa akiwa Mikono Maji.

Wakati huo Rukeye akatokea uani na ndoo.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Njoo uchote."

Binti akachota, akasimama, hakuondoka. "Mama, nikuulize? Kesho nikikosea, wataniambia palepale au watanisubiri nitoke?"

"Utakosea kwa nini?"

"Sijui. Naogopa tu." Akacheka kidogo, akajifuta pua. "Mama yangu amepiga simu. Ati tangu jana ameshasugua lile jiwe la mlangoni, ametandika na kitambaa. Nikamwambia mama, kesho ni kesho, unasugua nini leo? Akasema anataka likauke vizuri."

Sofeye alimtazama binti yule mpaka yule binti akainamisha macho. Kisha akanyanyuka, akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Nenda ukalale mapema," alisema. "Hutakosea."

Binti alipoondoka, Sofeye alibeba beseni hadi chumbani kwake, akaumimina unga ule ndani ya mfuko, akaufunga. Akachota unga wake wa biashara, ule mgumu wa bondeni anaochaguliwa na Bi Tie mwenyewe, akaujaza beseni, akarudisha kitambaa chekundu kama kilivyokuwa. Alijua anachokizika.

Kesho yake Rukeye alikanda. Mwanzoni alishika donge kama mtu anayeshika mtoto wa mwenziwe, baadaye akasahau watu, akaingia kazini. Lilipopumzika likatoka laini linang'aa. Alilisukuma likatandaa meza nzima, ukiweka mkono chini yake unauona. Akakunja, kisu kikaanza kugonga, taka taka taka, na tambi aliyoiinua ilikuwa ndefu kupita mkono wake na haikukatika. Wanawake wakapiga makofi. Bakuli la kwanza likafungwa kitambaa chekundu, Dawude akalipakata kwenye pikipiki ya jirani aliyekuwa anaendesha, akaondoka amenyooka mgongo kama askari.

"Mashaallah!" Mairemu alipaza sauti, sasa mzee wa ushungi mweupe lakini ulimi haujazeeka. "Mikono ndiyo hii. Kuna mikono ya kuzaliwa nayo na kuna mikono ya kuazima, si ndiyo, Mikono Maji? Bora mwanao kaleta wa kukukandia."

Watu wakacheka, wengine kwa mazoea tu. Sofeye alikuwa anagawa mabakuli. Alimpa Mairemu lake, akasema, "Kula wifi, zitapoa."

Hedije alikuwa amekaa pale juu ya kitanda cha udongo, miguu chini ya blanketi. Alipokea bakuli lake kwa mikono miwili. Akala funda moja, akatafuna polepole. Akaacha kutafuna.

"Hii si ngano yetu."

Kelele zikapungua.

"Nimesema hii si ngano yetu. Hii ni nyeupe, ya mashine. Ngano yetu naijua nikiwa nimelala. Nani amegusa beseni langu?"

Rukeye aligeuka rangi. Sofeye aliweka chini mwiko.

"Mimi, mama."

"Wewe!" Mairemu akadakia. "Miaka yote umekatazwa..."

"Mwache aseme," Hedije alimkata. "Kwa nini?"

"Ya kwetu imechipua, mama. Niliiosha jana, haikubaki na kano hata chembe. Angekanda ile angegawa uji. Sikutaka mama yake akae mlangoni mpaka jua lizame."

Jamani, wale wakubwa waliokuwapo miaka ishirini na sita nyuma walitazamana kisha wakatazama mabakuli yao. Hedije alinyoosha mkono hewani, mkono wenye mishipa, ukitafuta.

"Uko wapi huo unga? Niletee."

Akaletewa mfuko. Akatia vidole viwili, akaweka ulimini. Alikaa na unga ule kinywani muda mrefu, kama alivyokaa na kile kijiko cha zamani. Na sote tukaona uso wake unavunjika.

"Utamu huu naujua," alisema.

"Mama, pumzika," Mairemu alisema haraka. "Ya zamani tusiya..."

"Nyamaza, Mairemu. Umesema vya kutosha tangu siku ile." Akageuza uso kuelekea alikodhani Sofeye amesimama. "Wewe ulipopimwa, nilitia kijiko kinywani, nikasikia utamu huu. Nilijua palepale. Mvua ilipoanza mwaka ule baba mkwe wako alikuwa mjini, aliniachia neno moja tu: funika miganda. Mimi nikaenda ngomani kwa dada yangu, nikalala huko. Niliporudi imelowa. Sikumwambia. Nikaikausha, nikaisaga, nikasema haitaonekana. Pale mbele ya watu arobaini ningesema ni ngano, angejua. Ule mkono wake wa kupiga ulikuwa mzito, nyote mnakumbuka. Nikatazama huku na huku, nikaona wewe ni mgeni. Mgeni atabeba. Nikakubebesha."

Akavuta blanketi, akaendelea.

"Nilisema nitakwambia mwaka ujao. Halafu mama yako akafa, nikaona aibu. Kila mwaka aibu ikawa kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia." Akaweka viganja magotini. Kwetu radhi huombwa kwa maneno na hutolewa kwa maneno, watu wakisikia, maana asiyeipata huondoka nayo shingoni. "Sofeye binti wa watu, nakuomba radhi. Nipe."

Hilo jina lenyewe, Sofeye, hakuna aliyekumbuka ni lini alilitamka mara ya mwisho.

Sofeye alilia, hakujifuta.

"Yangu nimekupa, mama. Mungu shahidi. Lakini ya mama yangu siwezi kukupa. Hakuniachia."

Bikizee alitikisa kichwa, akakubali, hakubishana. Machozi yalimtoka kwenye yale macho yasiyoona. Kisha akafungua fundo kiunoni, vidole vinahangaika na kamba ya miaka hamsini, akautoa ufunguo akauweka juu ya blanketi.

"Basi nikandie," alisema. "Nile mkono wako."

Sofeye alinawa mpaka viwikoni. Akasimama kwenye meza ileile ya nyumba ile, akamimina ule unga wake wa bondeni, akatia chumvi, akatia maji kidogokidogo, akakanda kwa kiganja chote. Alipolifunika donge Mairemu aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Si usukume sasa, wifi? Mama anangoja."

"Haliharakishwi," Sofeye alisema. "Likisukumwa sasa litajikunja. Lipumzike."

Tukangoja. Wanawake arobaini walioshiba tayari, hakuna aliyeaga. Kisha akasukuma, akakata, tambi zikaingia majini zikatoka ndefu. Alipomletea Hedije bakuli, yule hakulipeleka mdomoni. Alilifunika kwa kiganja chake.

"La kwanza si langu," alisema. "Lifungeni kitambaa. Dawude amerudi?"

Alikuwa ndiyo kwanza anaingia, na bakuli la Rukeye halijaoshwa, na soli mpya za maua ndani yake, anacheka. Alikuta watu wanalia, asielewe kitu. Akapewa bakuli la pili, la moto.

"Peleka kwao mama yako," bibi yake alimwambia. "Kwa mjomba wako. Sema ni bakuli la Sofeye. Sema limechelewa, na aliyelichelewesha ni mimi."

Alikwenda. Ilikuwa karibu na alasiri, wageni wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kila mmoja akimshika Sofeye mkono mlangoni. Yeye alikaa uani juu ya kigoda. Pikipiki iliporudi alisimama.

"Alisema nini?"

"Kwanza hakusema kitu, mama. Nilimpa maneno kama nilivyoambiwa. Alishika bakuli, akatoka nje, akakaa juu ya lile jiwe la mlangoni, akala zote. Akanywa na mchuzi. Halafu akaingia ndani akakaa sana. Nikasikia anapekua sandukuni."

Akamkabidhi bakuli. Halikuwa limeoshwa, ukingo wake bado una mafuta ya pilipili. Ndani yake mlikuwa na kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya zamani iliyogeuka manjano. Sofeye alifungua. Zilikuwa soli mbili za kitambaa, zimetariziwa maua mekundu, uzi wake umefifia kidogo pale palipokunjwa, lakini hazijawahi kukanyagwa. Zilikuwa ndogo, za mguu wa msichana wa miaka kumi na tisa.

"Mjomba anasema bibi alizimaliza usiku wa kuamkia siku ile," Dawude alisema. "Alimkataza asizitoe mpaka bakuli lije. Alimwambia litakuja tu, kwa sababu mikono ya mwanangu naijua."

Sofeye alikaa chini. Akavua viatu vyake, akaziingiza zile soli ndani, moja moja, akizinyoosha kwa kidole mpaka mbele. Hazikufika kisiginoni. Akavivaa hivyohivyo, akaenda kumchemshia bikizee tambi zake.